Mtu wa Kwa Gakii Ameitwa Chuo

STACY: Haloo? Nani mwenzangu?

GAKII: Haloo! Mama? Ni mimi—

STACY: Shosho hayuko. Ameenda kwa chama, simu ameacha kwa chaji. Nani anaongea?

GAKII: Stacy! Ni mimi mama yako, bana. Napiga na laini ya Cheryl, yule tunaishi naye kule mtaa wa Najma. Yangu iko na kazi nyingine.

STACY: Oh. Mum. Sasa.

GAKII: Ati "sasa"? Mwezi mzima hatujaongea, napewa "sasa" kama muuza mitumba?

STACY: Haya. Habari yako Mum? Doha inasemaje?

GAKII: Doha ni moto. Niko kazini, mkahawani hapa Pearl, nyuma ya jikoni, kwa kivuli kidogo kama sahani. Nikisogea kushoto naiva.

STACY: Pole. Mum, nikuulize kitu?

GAKII: Uliza haraka, niko kwa brek na bando si la—[mkwaruzo]

STACY: Mimi nimeitwa chuo kikuu?

GAKII: Nini?

STACY: Jumapili Mchungaji Athanas ameniita mbele. Ati tumshukuru Mungu, mtu wa kwa Gakii ameitwa chuo cha umma huko Pwani, kusomea mambo ya bahari. Kanisa lote likasimama likapiga makofi.

GAKII: Uuuwi.

STACY: Mimi. Wa kidato cha pili. Na D ya bayolojia.

GAKII: Ni nani amewaambia—

STACY: Anko Silvesta.

GAKII: Silvesta! Huyo ndugu yangu mdomo wake hauna kifuniko. Nilimwambia tu mtu wetu ameitwa, aulizie marafiki zake wa Pwani kama huko kuna maji ya bomba. Na nikamwambia anyamaze!

STACY: Amesema hivyo hivyo, "mtu wetu". Shosho akahesabu watu wetu, akabaki na mimi.

GAKII: Na wewe ukasema nini?

STACY: Nikasema amina. Ningesema nini, na shosho analia machozi ya furaha? Nimewekelewa mikono, Mum. Wameniombea nisipotezwe na wavulana wa Pwani. Mama Rodney amenipa neti ya mbu.

GAKII: [anacheka] Neti—

STACY: Usicheke!

GAKII: Sicheki. Sicheki, walai. Ni ya duara ama ya pembe nne?

STACY: Mum!

GAKII: Nimeacha.

STACY: Ni nani ameitwa?

GAKII: Stacy? Hapa network ni mbovu, inakata—

STACY: Haikati. Nakusikia mpaka ukipumua. Ni nani?

GAKII: Ni mama mmoja hivi. Ana miaka thelathini na tatu. Akipanda ngazi magoti yanalia kama mlango wa choo. Kuogelea hajui. Hata beseni ikiwa kubwa anaogopa. Na katika kozi zote za dunia, akaenda akachagua bahari.

STACY: Ni wewe.

GAKII: Ni mimi.

STACY: Wewe wa Meru? Sisi maji yetu ni ya kuoshea kahawa!

GAKII: Sasa si hamuri ndiye alinipeleka.

STACY: Hamuri ni nani? Ni mwanaume?

GAKII: Ni samaki! Wa huku. Ingawa hata hapo kuna hadithi. Sikia. Kazi yangu ni kupeleka samaki mezani kabla apikwe, mteja amwone uso. Siku moja mama mmoja akaniuliza, huyu ni dume ama jike? Nami kwa kifua: dume, madam, angalia taya. Bwanake akacheka. Akasema hamuri huanza maisha akiwa jike, akikua ndio wengine wanageuka dume.

STACY: Uongo.

GAKII: Nilifikiria hivyo. Nikaingia choo cha wafanyakazi, nikatafuta kwa simu. Ni kweli! Nilikaa humo nikisoma mpaka supavaiza akagonga mlango, akidhani naharisha.

STACY: [anacheka kidogo] Aki Mum.

GAKII: Toka hiyo siku nafuata samaki kama umbea wa mtaa. Wateja nawapa somo hawajaomba, chakula kinapoa. Cheryl ameweka sheria: baada ya taa kuzimwa, hakuna hadithi za matamvua ya samaki.

STACY: Na chuo kikaingiaje?

GAKII: Niliomba kwa mzaha. Nikatuma kile cheti changu cha kidato cha nne, chenye doa la chai. Nikajua watacheka wanirudishie. Wakanikubali. Hata mimi niliwaonea huruma.

STACY: Hicho cheti ndicho kile cha B?

GAKII: Ndicho.

STACY: Si wakati huo pia walikuwa wamekuita chuo? Shosho huwa anasema.

GAKII: Walikuwa wameniita.

STACY: Mbona hukuenda?

GAKII: Nilipata mgeni.

STACY: Mgeni gani?

GAKII: Wa kilo tatu na nusu. Alikuja bila hodi, bila nguo hata moja, na makelele ya kuamsha tarafa nzima. Stacy?

STACY: Pole.

GAKII: Wewe! Hiyo pole irudishe mahali umeitoa. Huyo mgeni angekuja hata leo ningemfungulia mlango nikikimbia. Unanisikia?

STACY: Nakusikia.

GAKII: Mbona sauti imekuwa ndogo?

STACY: Kwa hivyo unarudi Kenya.

GAKII: Nikikubali nafasi, ndiyo. Mwezi wa tisa.

STACY: Lakini nyumbani hukuji.

GAKII: Nitakuja, Stacy. Tukifunga nitakuwa nakuja likizo—

STACY: Likizo. Nilikuwa darasa la pili ukienda huko, na ni likizo. Sasa unakuja Kenya, na bado ni likizo.

GAKII: Stacy—

STACY: Jumapili walipokuwa wananiombea, unajua nilifikiria nini? Nilifikiria ni wewe umepanga kitu. Ati kuna shule ya bahari ya watoto, umenitafutia, tutakuwa pamoja. Nikasimama hapo mbele nikifurahi kama mjinga.

[mkwaruzo]

GAKII: Wewe si mjinga. Mjinga ndiye huyu amesimama karibu na mitungi ya gesi. Nilipaswa kukuambia wa kwanza. Niliogopa.

STACY: Uliogopa mimi?

GAKII: Sana. Mabosi wa hapa wananipigia kelele kila siku na nakula vizuri. Lakini wewe ukiniambia "sasa" na hiyo sauti yako, silali.

STACY: Haya basi. Wewe enda tu. Si umeshakubali.

GAKII: Sijakubali! Mwisho ni leo. Hiyo ndiyo kazi simu yangu inafanya, iko hapa mbele yangu, ukurasa wa chuo umefunguka. Na kule ndani supavaiza ana mkataba mpya wa miaka miwili, anangoja niweke sahihi. Nimemwambia siwezi kugusa chochote kabla sijaongea na mkubwa wangu.

STACY: Mkubwa wako gani tena?

GAKII: Si naongea naye? Ukisema hapana, ni hapana. Na huo mkataba pia sitauwekea sahihi. Nitakuja hapo nyumbani Nkubu nifungue kibanda cha chipsi.

STACY: Utawachosha wateja.

GAKII: Kabisa.

STACY: Utawaambia kiazi ni dume.

GAKII: [anacheka] Angalia taya!

STACY: [anacheka] Aki wewe... Unakitaka, hiki chuo?

GAKII: Nakitaka mpaka ninaona haya. Lakini wewe nakutaka zaidi. Hapo sina mzaha.

[Sauti ya mtu kwa mbali: "Gakii! Yalla, yalla!"]

GAKII: Nakuja! Dakika moja! Stacy, wananiita. Na bando linaenda. Sema neno.

STACY: Kwa huo ukurasa wanakuuliza nini?

GAKII: Eh? Jina, kozi, na kama nataka hosteli. Hapo nimeweka ndiyo. Watanipa kitanda cha juu, nipande na haya magoti, na chini alale msichana wa kuniita aunty.

STACY: Ondoa hapo.

GAKII: Wapi?

STACY: Kwa hosteli. Weka hapana.

GAKII: Sasa nitalala wapi? Kwa mchanga na kaa?

STACY: Mum. Huko Pwani kuna shule za sekondari?

GAKII: Ziko, kwani watu wa Pwani hawaso— Stacy, unasema nini?

STACY: Si umesikia.

GAKII: Rudia, network ina—

STACY: Haikati, Mum! Nimesema tafuta chumba. Cha watu wawili. Nitahama shule mwaka mpya, nikimaliza muhula. Shosho nitamwambia mimi, na anko Silvesta atahamia huku akae naye, si ndiye amelianzisha.

GAKII: Nina... Ngoja. Ngoja kwanza.

STACY: Unalia?

GAKII: Nalia, ndiyo. Mpishi ameniona, ameacha hata kukaanga.

["Gakii! Khalas, meza ya sita!"]

STACY: Bonyeza kwanza ndio uende.

GAKII: Vidole vimelowa, simu inakataa... Hapo. Hosteli, hapana. Nimebonyeza. Stacy, imekubali!

STACY: Sawa. Sasa enda kwa samaki wako.

GAKII: Bado nusu dakika. Niambie kitu kingine, chochote.

STACY: Kuhusu hicho chumba. Mimi hulala upande wa ukuta. Nakuambia kwa vile hujui.

GAKII: Sikujua. Upande wa ukuta. Nimeshika, mama. Upande wa uku—

[Simu imekatika.]