Marehemu Mume Wangu na Taya la Dinosaria

Marehemu mume wangu anazikwa leo kwa sifa ya kugundua taya la dinosaria. Taya lile nililiona mimi, naye akakubali liitwe lake. Sikwenda shule. Haya nimeyasema kwa mdomo, binti yetu mkubwa akayaandika, na ndiye anayewasomea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha baba yake alipopofuka. Mwaka 1979 aliajiriwa kibarua kwenye machimbo ya mifupa ya kale, kisha akawa fundi wa kusafisha mifupa kwenye makumbusho, hadi alipostaafu mwaka 2018.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988. Alikuwa mume mpole. Mifupa aliisugua kwa miswaki ya nyumbani, mpaka nikamwambia, "Baba Watoto, huyo mnyama wako kinywa chake kisafi kuliko cha wanao." Akacheka. Kesho yake akabeba na mswaki wangu.

Mwaka 1991 tuliishi kambini. Nilikwenda kuteka maji korongoni, nikaona meno yametokeza mwambani, yamepinda kama visu vya kuchunia ngozi. Machimboni palikuwa na utaratibu: aliyeona mfupa alikaa kando yake mpaka msimamizi afike, na aliyekutwa amekaa ndiye aliyeandikwa mgunduzi. Nikakaa. Mchana akaja mume wangu na dada yake, wakanikuta. Mtoto alikuwa analia njaa nyumbani. Mume wangu akasema niende nikanyonyeshe, yeye atanishikia nafasi. Niliporudi, msimamizi alikuwa ameshafika na marehemu anapigwa picha.

Wasomi walisema ni mla nyama wa zama za Jura, si mkubwa sana, na mwingine wa aina yake hawajampata. Wengi wenu hamjawahi kumsikia. Picha ya marehemu iko ukutani kule makumbusho, juu ya lile taya. Nilipomuuliza, alisema atalisema wakati wake.

Januari 2023 alipata kiharusi. Kitandani aliniambia, "Nikisimama tu, mama, nitakwenda kuwaambia." Hakusimama. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, asubuhi. Nilikuwa nakunja shuka. Nikamaliza kuikunja.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano na dada yake huyo mmoja. Juzi nilimwomba wifi yangu aseme alichokiona. Akasema, "Wifi, mwache kaka yangu aende na jina lake." Nilikuwa na sufuria mkononi, nikaenda kuisugua.

Mume wangu apumzike, yeye simdai tena. Anayedaiwa ni wifi, aliyekaa kiti cha mbele, kwa kuwa kati ya walio hai hakuna mwingine aliyenikuta pale. Wajukuu wote wapo na kaburi bado liko wazi. Tunamsubiri asimame.