Muzee Dumo na Gunzi ya Rehemah

Muzee Dumo, fundi wa maji wa hii gesti yetu ya wageni, Arua, amefanya kazi hapa miaka ishirini na mbili, ukihesabu na ile ya vita tulikuwa sisi wote Kongo. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, 1996, anapumzika kazi, na leo tunamuaga. Mimi Viktoria wa jikoni ndiyo naongea, Candia wa ofisi anaandika, sababu shule mimi niliiona kwa barabara tu nikipita.

Dumo ni mutu wa Koboko. Alikuja hapa kijana, meno yote iko. Mgeni akilia choo inavuta vibaya, Dumo hapana kimbilia fimbo kama watu ingine. Kwanza anamwaga maji ndoo nzima kwa mara moja, puu! Ikishuka vizuri, shida iko juu kwa tanki, pengine mpira imechoka. Ikibaki, kitu imekwama pale kona ya chini, na hapo ndiyo anatoa waya yake ya kulabu. Alikuwa anakataza watu: "Hapana vuta tena! Ukivuta tena utaogelea." Meneja mmoja alivuta tena. Viatu yake tulianika kwa ukuta ya jikoni yangu, na ile harufu... basi, niache.

Kitu ya kukwama sana ilikuwa gunzi. Sisi kwa choo ya shimo tunajipangusa na gunzi ya mahindi. Sasa ukipewa choo ya kuvuta, gunzi unatupa wapi? Ndani. Kwa hiyo Dumo alikuwa anatembea na gunzi moja kwa mfuko, anaonyesha wageni: hii, hapana.

Sasa ile ya wifi yangu Rehemah, wa Koboko. Bwana yake alikuwa mwanajeshi, Mungu amrehemu. Serikali ilipoanguka 1979, kila mutu alitafuta mahali ya kuficha kitu ya jeshi, sababu ukikutwa nayo ni kifo. Wengine walichoma, wengine walifukia. Tukakimbia Kongo. Tuliporudi, askari mpya walikuwa wanakaa jirani yake, na choo yake ilikataa maji. Yeye alitaka iachwe hivyo. Lakini harufu haina adabu. Askari mmoja akaja na majirani, akasema kesho anavunja hiyo choo aone. Nikamwita Dumo mbio.

Rehemah alikuwa anatetemeka, mimi nikafikiri malaria. Dumo akaingiza waya, akavuta polepole. Ikatoka mkono ya shati ya jeshi, kifungo bado iko. Mimi niliona, nilikuwa karibu. Yule askari na majirani walisharudi, wako nyuma, wanangoja. Dumo akainama, mgongo yake ikafunga mlango yote, shati ikaingia ndoo, tambara juu. Akageuka na gunzi inachuruzika maji, ile ya mfuko yake.

"Gunzi! Rehemah, wewe mama mzima, choo ya mzungu unalisha mahindi?"

Watu walicheka mpaka yule askari akashika ukuta. Wakaenda nyumbani. Toka hiyo siku watoto ya Koboko wanamwita Rehemah Mama Gunzi, na hiyo jina ameibeba miaka yote.

Leo amekuja na kuku mbili, yeye amekaa pale benchi ya mbele. Amenituma niseme wazi, sababu haogopi tena: haikuwa gunzi.

Dumo, asante. Rudi Koboko kwa mke wako Mariam Poni, mkule uzee na amani. Na mkipita kwa wifi yangu, vuteni choo. Maji inashuka.