Shangazi Nyundo na Chupa Aliyoinadi Mara Tatu

Shangazi Nyundo, mnadi wetu mkuu, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kunadi mvinyo na wiski za thamani. Ukurasa huu wa kumuaga ulikuwa umeshaandikwa, tena kwa mbwembwe. Yaliyotokea kwenye mnada wake wa mwisho yametulazimisha kuuandika upya, na hadi sasa hatujarudiwa na akili.

Alianza stoo, akifunga lebo shingoni mwa chupa na kumgombeza kila aliyelaza wiski. Mvinyo hulala, wiski husimama, basi. Alipopanda jukwaani tukajua maana ya maneno yanayomtoa nyoka pangoni. Siku moja mume na mke, kila mmoja upande wake wa ukumbi, walipandishiana dau bila kujuana. Shangazi aliweka nyundo chini, akawaomba wakayamalize nyumbani kwanza. Watu walivunjika mbavu.

Hapa kwetu mfanyakazi haruhusiwi kununua mnadani. Anayestaafu tu ndiye huruhusiwa kitu kimoja, siku yake ya mwisho. Shangazi alinikabidhi nyundo mimi, msaidizi wake, akashuka, akaketi kati ya wateja. Akashinda mnada wa wiski kongwe aliyokuwa ameinadi mara tatu. Kila aliyeinunua aliirudisha kuiuza bila kuifungua, na kila mara Shangazi aliimwagia sifa upya.

Kisha akaifungua palepale.

Mzee wa mstari wa mbele, mteja wetu mkubwa aliyewahi kuimiliki, alishika kichwa. Shangazi alijimiminia kidogo, akaonja. Hakuna mwingine aliyekuwa ameionja. Angeweza kumeza, akatabasamu, akaenda zake na jina lake zuri.

Alirudi jukwaani. Kwa sauti ileile ya kila siku alisema kwamba ndani ya chupa ile mlikuwa na chai ya rangi, tena iliyopoa zamani, na kwamba aliyeisifu mara tatu ni yeye, kwa hiyo lawama zianzie kwake. Tulipigwa na butwaa. Lakiri iliyoziba chupa ilikuwa nzima kabla hajaifungua, sote tulikuwa tumeikagua, na nani aliyeichezea hatujui hadi leo. Mimi nilisimama na nyundo mkononi, sijui niigonge wapi.

Mzee yule akainuka. Tulijua anaondoka, na wengine wote watamfuata, nasi tufunge milango. Badala yake alikwenda hadi jukwaani, akamwomba Shangazi afike nyumbani kwake amfungulie chupa zake zote, kwa sababu yeye peke yake anaogopa. Nyuma yake ikajipanga foleni ya wenye ombi hilohilo.

Shangazi, ahsante kwa kutufundisha kazi, na ahsante zaidi kwa kutoimeza chai ile. Nenda na afya, ulale usingizi mzito, na kila utakachomiminiwa kiwe kile ulichoambiwa.