Agripina, Mashavu na Gurudumu la Korona

Benchi letu lilikuwa taruma la reli, limelazwa juu ya mawe kwenye kona ya barabara ya stesheni, Korogwe. Mwaka ule wa sabini na tano, vuli ilipoanza, tuliolikalia kila alasiri tulikuwa wachache. Mimi, mshona viatu wa kona hiyo. Breki, utingo wa malori wa zamani. Redio, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge, ambaye habari ilimfikia kabla haijatokea. Mzee Isihaka alituuzia kahawa. Siku hiyo hapakuwa na habari nyingine ila ya Agripina na Mashavu.

Hao tuliwajua wote. Agripina alikuwa Msambaa wa Bungu, mwembamba, sauti yake ya chini. Mashavu alikuwa Mzigua kutoka Handeni, mkaanga maandazi, mcheshi. Wote walikaa Kwamndolwa, nyumba zimepakana. Mkonge ulipoacha kulipa na shamba moja likafungwa, meneja aliwaruhusu waokote vyuma vilivyotupwa porini. Basi wakitoka kulima wanachukua mkokoteni, wanakwenda. Lori la kutoka Tanga likija kununua vyuma chakavu, wanauza, wanagawana sawa. Agripina alitaka mabati. Mashavu alitaka cherehani.

Sasa, mvua kubwa ilipopiga wiki ile, walikuwa hukohuko porini. Gurudumu la korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, liliteleza kwenye tope likambana Mashavu mguu kando ya mfereji. Walikuwa wawili tu. Jioni mji mzima ulimwona Agripina akimsukuma mwenzake kwenye mkokoteni kwenda hospitali. Swali la kijiweni lilikuwa moja: lile gurudumu alilitoaje?

— Dawa, akasema Redio. Bungu kule kuna mizizi. Ukiitafuna unanyanyua ng'ombe.

— Ng'ombe na korona wapi na wapi? Breki akamjibu. Yale magurudumu nayajua. Tukishusha moja hapa stesheni, wanaume wa lori zima tunalala hoi.

— Ndiyo nasema dawa.

— Alitumia wenzo. Alichomeka kipande cha reli chini, akaning'inia upande wa pili.

— Agripina aning'inie? Redio akacheka. Yule hata kamba ya nguo akiining'inia haishuki.

— Basi wewe tupe yako nyingine, hiyo ya mizizi imekwisha.

Redio akanywa kahawa, akafikiri.

— Treni, akasema. Ile ya mizigo ya jioni. Ilipita, ardhi ikatikisika, gurudumu likaruka lenyewe.

— Reli haipiti kule, nikamwambia.

— Ile inabeba saruji, ndugu yangu. Ikipita hapa, Mombo vikombe vinagongana.

— Kwa hiyo gurudumu liliruka, likamwacha Mashavu, likaenda zake?

— Mimi nimesema liliruka. Lilikokwenda sijui.

Mzee Isihaka alikuwa akisuuza vikombe. Hakuwa mtu wa kuingilia ubishi, ubishi ndio uliomuuzia kahawa. Lakini siku hiyo akaweka kikombe chini.

— Nimetoka hospitali kumwona Mashavu, akasema. Ameniambia mwenyewe. Agripina hakunyanyua kitu.

Tukasogea karibu naye asimulie.

— Alisukuma, halikutikisika. Mashavu akamwambia, mbuya, yaani rafiki, nenda kaite watu. Agripina akaangalia mfereji. Maji yalikuwa yanapanda, Mashavu amekaa chini na yamemfika kiunoni. Akamwambia, rafiki yangu, nikienda nitarudi nikukute umezama. Walikuwa wameokota sahani ya plau la trekta, imeliwa na kutu. Akaichukua, akaanza kuchimba chini ya mguu.

— Akachimba tope, Breki akasema taratibu.

— Tope. Chuma kilibaki palepale, ardhi ndiyo iliyoondolewa. Akitoa, maji yanarudisha, anatoa tena. Na muda wote anamsemesha habari za cherehani. Utaiweka chumba gani? Gauni la kwanza utamshonea nani? Mashavu anasema alikasirika. Mguu umevunjika, mtu anakuuliza gauni. Lakini akawa anajibu. Katikati ya kujibu, mguu ukatoka.

— Na gauni la nani? nikauliza.

— La Agripina. La samawati. Amesema hilo halina mjadala tena.

Breki alikuwa ametazama barabara. Ubishi wote ulikuwa umemtoka.

— Ningekimbia kuita watu, akasema. Nasema kweli. Ningekimbia, na mtu angekufa.

— Subiri, Mzee Isihaka akaendelea. Vyuma vyote vya siku ile alikuwa amevimwaga ili ampakie mwenzake. Kulipokucha akavirudia peke yake. Lori lilipokuja akauza, akapeleka nusu hospitali. Mashavu akakataa, akasema mimi nilikuwa nimelala kitandani. Agripina akamwambia, lile gurudumu si wewe uliyeliona kwanza?

Hata Redio alicheka, kisha akatikisa kichwa. Akasema yule mwanamke angefaa kuendesha shamba zima la mkonge na lisingefungwa. Safari hii hakuna aliyembishia.

Pembeni alikuwa amekaa mgeni, Habakuki, mkulima aliyeshuka basi la kutoka Mkumbara. Alikuwa ananisubiri nimalizie kushona kiatu chake. Alimgeukia Isihaka.

— Samahani, mzee. Huyo mama bado anaenda kuokota?

— Yuko huko hata sasa. Mashavu hatakanyaga chini mpaka plasta itoke.

— Na mkokoteni nani anamsaidia kusukuma?

Redio alichungulia ndani ya kikombe chake. Mimi nilivuta uzi ambao ulikuwa umekwisha kukazwa. Breki alikohoa. Mzee Isihaka akainamisha birika, likatoa machicha tu.

Nilimpa Habakuki kiatu chake, nikafunika sanduku la kazi. Breki alikuwa amekwisha simama. Redio akasema yeye abaki, pengine atapita mtu mwenye habari.

Mimi na Breki tulimkuta Agripina kwenye kilima cha kuingilia Kwamndolwa, mkokoteni umejaa vyuma, amezuia gurudumu kwa jiwe ili apumzike. Tulimpa pole ya kazi. Akaitikia, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akasogea upande mmoja wa mpini.