Feivel Lipkowitz, Aliyekagua Waya wa Mtaa Wetu

Mheshimiwa rabi, dada yangu Raizel, watoto wa marehemu, majirani, na nyinyi mliosimama kule nyuma kwa kuchelewa kama kawaida yenu, mimi ni Kalman Brodt, shemeji wa marehemu, familia imenipa kazi hii kwa sababu nina sauti na sina aibu, ingawa wasomi humu ndani wamejaa tele.

Marehemu Feivel Lipkowitz alizaliwa hapa Buffalo tarehe 8 Machi 1955, mtoto wa nne wa Bw. Zelig na Bi. Pesha, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Purimu, siku ya watu kuvaa mavazi ya mchezo, baba yake aliingia wodini amevaa gauni na taji la malkia, muuguzi akakataa kumkabidhi mtoto mpaka aone kitambulisho.

Alisoma shule ya dini ya hapa mtaani, akamaliza sekondari Juni 1973 akiwa wa pili darasani, na wa kwanza simtaji kwa kuwa yumo humu na kichwa chake kimeshavimba vya kutosha.

Mwaka 1976 alifungua duka la magodoro barabara ya Hertel, mwaka 1989 akaniajiri mimi kuwa dereva, biashara ikapanda tangu siku hiyo, jambo ambalo marehemu alilikubali mara moja tu, tena akiwa na homa.

Tarehe 19 Juni 1983 alifunga ndoa na dada yangu Raizel, wakajaliwa Shifra mwaka 1985, Baila mwaka 1988, na Nachum, aliyezaliwa siku ya Sabato, tarehe 11 Januari 1992.

Kuanzia mwaka 1986 marehemu alijitolea kukagua ule waya unaouzunguka mtaa wetu kutoka nguzo hadi nguzo na kuufanya, kwa sheria ya dini yetu, uhesabiwe kuwa ua wa nyumba moja, maana waya ukikatika, siku ya Sabato hakuna ruhusa ya kubeba kitu nje ya nyumba, hata mtoto mchanga, hata chupa yake ya maziwa, kwa hiyo kila Ijumaa mchana aliuzunguka wote, kisha mama zetu wakasubiri neno lake moja, mzima au umekatika.

Sasa Nachum alikuwa atahiriwe siku yake ya nane, ambayo nayo ni Sabato, kwenye sinagogi, wageni wameshafika, kisu kiko huko, vyungu vya mama yetu Frume viko huko, na ile Ijumaa alasiri, jua likikaribia kuzama, marehemu akakuta tawi lililolemewa na barafu limeukata waya nyuma ya karakana ya treni, mahali ambapo hakuna mtu angepita kuchungulia, na fundi wa nguzo hawezi kuja kabla ya Jumapili.

Nilikuwepo jikoni alipomwambia dada yangu, ambaye ana wiki moja tu tangu ajifungue.

"Nani mwingine ameuona?" Raizel akauliza.

"Mimi tu."

"Basi si unyamaze, Feivel? Mwanao amengojewa miaka yote hii."

"Raizel, wenzako wanatoka na watoto mikononi kwa sababu mimi nimesema mzima. Nikiwadanganya leo kwa ajili ya mwanangu, Ijumaa ijayo watamsikiliza nani?"

Dada yangu alimnunia, tena kununa kwenyewe kwa ukoo wa Brodt, halafu akasema kama mtoto hawezi kubebwa kesho, basi abebwe sasa hivi, naye hataenda kulala kwenye benchi la sinagogi wakati mumewe anauza magodoro.

Simu zikapigwa mtaa mzima, nami nikalijaza magodoro gari la duka na kuliendesha juu ya barafu kwa namna ambayo mpaka leo hakuna dereva wa Buffalo aliyethubutu kuiiga, na kabla ya jua kuzama akina mama wote wenye wachanga walikuwa wamehamia ukumbi wa sinagogi, mama yetu akilalamika kwamba amefanywa mkimbizi uzeeni, huku ameshakalia godoro bora kuliko yote.

Asubuhi Nachum alitahiriwa kwa wakati wake, mbele ya umati ambao kwa mara ya kwanza katika historia yetu haukuchelewa.

Februari mwaka huu marehemu aliugua figo, akalazwa mara tatu, na kila Ijumaa aliuliza habari za waya, hata alipokuwa hana nguvu ya kuuliza habari zake mwenyewe.

Ijumaa iliyopita, tarehe 7 Novemba, upepo uliuangusha, nasi wanaume tukakubaliana kumwambia ni mzima ili mgonjwa apumzike, lakini Raizel akatupita mlangoni, akamwinamia, akasema, "Umekatika, Feivel."

Akauliza kama watu wameambiwa.

"Wote. Nimewapigia mimi mwenyewe."

Marehemu alitabasamu, akamshika mkono, akalala usingizi mzuri kuliko wa wiki zote zilizotangulia, na Jumatano tarehe 12 Novemba 2025 akafariki, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wa duka, ndugu waliomwosha na kumvika sanda, na jirani yetu Bw. Kubiak, ambaye kwa miaka yote alituachia nje ngazi yake ya kuufikia waya bila kufunga geti.

Feivel, shemeji yangu, kumbukumbu yako iwe baraka, na ulale kwa amani, mtaa umeambiwa ukweli.