Ng'ombe Niliowaficha Bugwema

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana leo nasimama mbele yenu kuungama.

Ndugu zangu, mnanijua: mimi ni mjane, naanika dagaa hapa Mugango. Msichokijua ni kwamba nilikuwaga na ng'ombe kumi. Baba watoto alipofariki niliwaogopa shemeji zangu, nikawapeleka ng'ombe Bugwema kwa Mzee Magesa, achunge, anywe maziwa, anyamaze. Hatukuandikiana chochote. Hata ninyi niliwaficha. Mchango wa bati la kanisa ulipopita, nilisimama hapa hapa nikasema sina kitu, mkanisamehe.

Basi serikali ilipofungulia biashara na mitumba ikajaa mjini, mwenye duka mmoja wa Musoma akaniomba nimkopeshe mtaji. Tamaa ikanishika! Mzee Magesa akaenda kuniuzia ng'ombe wangu wanane mnadani, nikampa yule bwana fedha zote mkononi. Akaniandikia hundi ya miezi mitatu mbele. Siku ilipofika, benki wakanirudishia hundi yangu: akaunti haina kitu.

Nikashtaki. Lakini mahakamani nikawa kama mshtakiwa mimi! Wakili wake akasema mteja wake hakupokea hata senti, hundi aliiandika akingoja mkopo ambao hakuletewa. "Huyu mama mwanika dagaa, fedha hizo alizitoa wapi? Kanisani kwake alisamehewa bati kwa umaskini!" Hakimu akaahirisha kesi, nilete shahidi kwamba nilikuwa na uwezo wa kukopesha.

Wiki mbili chakula hakipiti. Stakabadhi ya mnada ilikuwa na jina la Mzee Magesa. Akisema ng'ombe ni wake, nimekwisha, na ada ya wanangu imekwisha. Nikalia, "Bwana, hata wewe nilikudanganya. Nisaidie hivyo hivyo."

Siku ya kesi Mzee akaitwa mara mbili, hayupo! Mara ya tatu akaingia, viatu mkononi, vumbi hadi magotini.

"Karatasi ina jina langu," akasema, "lakini ng'ombe zilikuwa za huyu mama. Mimi nilikuwaga nachunga tu, nakunywa maziwa."

Haleluya! Nikashinda kesi.

Ndugu zangu, walibaki ng'ombe wawili, na mmoja nimemfunga hapo nje. Ni wa bati. Wewe unayeficha jambo, mwambie Bwana leo, ni mwaminifu. Usingoje kuulizwa na wakili. Nami nawashukuru. Mlinisamehe bati, sasa nisameheni uongo.