Mkono Ambao Mwalimu Gaudensi Hakuutoa

Marehemu Gaudensi Mikaeli Nambunga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 kijijini Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, mtoto wa tatu wa mzee Mikaeli, mkulima wa korosho na mihogo. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini, na mwaka 1979 akahitimu chuo cha ualimu mjini Mtwara.

Alifundisha Kilambo, kisha Msimbati, na tangu 1996 Ufukoni, hadi alipostaafu mwaka 2018. Somo lake lilikuwa hesabu, lakini waliopita mikononi mwake wanakumbuka zaidi adabu. Kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto, kwake halikuwa kosa dogo. Mkaguzi mmoja wa elimu aliwahi kumpa barua kwa kushoto. Mwalimu akabaki amesimama, mikono nyuma, akitabasamu, mpaka mkubwa yule akabadili mkono. Walimu walicheka wiki nzima. Mkaguzi hakucheka.

Alifunga ndoa na Anna tarehe 6 Julai 1985, wakajaliwa watoto watatu. Miaka ya mwisho ya kazi, akiandika ubaoni, alikuwa akikatisha mstari ili aupumzishe mkono wa kulia, uliokuwa ukichoka na kuuma. Anna alimtania kwamba mkono umestaafu kabla ya mwenyewe. Utani huo sasa anaujutia.

Baada ya kustaafu, kila mwezi walikwenda pamoja zahanati kupima presha. Mwalimu alitangulia kunyoosha mkono wa kulia, kama mtu anayesalimia, na hakuna aliyemwomba mkono mwingine. Namba zilikuwa nzuri miaka yote: 128, 130. Anna alimshukuru Mungu, wakarudi nyumbani.

Oktoba 2024, akichoma korosho, mafuta ya maganda yalimwunguza mkono wa kulia juu ya kiwiko. Kule zahanati, muuguzi mgeni, Husna, akaomba wa kushoto.

"Mwanangu, huo si wa kumpa mtu," alisema marehemu.

"Mwalimu, sipokei zawadi hapa. Napima presha."

Ikatoka 182. Kidonda kilipopona Husna alipima mikono yote miwili, akarudia: kulia 130, kushoto 180. Akamweleza Anna polepole kwamba mikono ikipishana kiasi hicho, huenda mshipa wa upande wenye namba ndogo umeanza kuziba, na mishipa ya mkono ikiziba, ya moyo na ya ubongo nayo ni ya kuogopewa. Presha ya kufuata ni ya mkono wenye namba kubwa; ile 130 ya kulia ilikuwa ikiificha.

"Ilitakiwa apimwe yote miwili tangu siku ya kwanza, mama."

"Na ule uchovu wa ubaoni?" Anna aliuliza.

"Huenda nao ulitokana na mshipa huohuo," alisema Husna.

Dawa zilianza, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Tarehe 19 Januari 2025 kiharusi kilimpiga upande wote wa kulia. Tangu hapo alisalimia wageni kwa kushoto, akimwomba radhi kila mmoja wao kwa ulimi mzito. Jambo hilo lilimuumiza kuliko kulala kitandani. Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, Anna akiwa bado na kijiko cha uji mkononi.

Ameacha mjane, Anna. Watoto Irene, Frank na Kelvin. Wajukuu watano, na dada mmoja aliyeko Kitaya.

Anna ameomba neno lake lisomwe hapa. Anajua mtakuja kumpa pole na kumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Anaomba leo msimwambie hivyo. Anasema kosa lilikuwepo, na yeye alikaa pembeni yake mwezi baada ya mwezi, miaka sita, akilitazama na kufurahi. Mwacheni kwanza alie.

Mungu ampokee Mwalimu Gaudensi, ampe pumziko lenye amani.